Pampu ya mafuta katika gari kuukuu la turbo: Ibadilishwe lini na kwa njia gani

MWENYE gari kuukuu la turbo huanza kutamani nguvu zaidi siku ile ile anapokabidhiwa ufunguo. Kwanza hununua ekzosi pana. Halafu hutia kichujio cha hewa kilicho wazi. Mwishowe humpata fundi anayemwongezea shinikizo la turbo kwa kugeuza parafujo moja tu, na gari linaruka kama swara. Wiki chache baadaye gari hilo hilo huonekana kando ya barabara, boneti wazi, moshi wa buluu ukifuka nyuma. Injini inapofunguliwa, pistoni moja hupatikana imemeguka pale zinapokaa ringi.

Lawama zote hutupiwa turbo. Lakini katika visa vingi turbo ilifanya kazi yake sawasawa: iliingiza hewa. Kilichokosekana ni petroli ya kutosha kuandamana na hewa hiyo, na petroli huletwa na kifaa ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukitia machoni, kwa kuwa kimezama ndani ya tangi.

Makala haya yanaeleza kazi ya kifaa hicho, pampu ya mafuta, na namna ya kukibadilisha kwa kingine chenye uwezo mkubwa zaidi. Mfano wetu ni Subaru Impreza WRX ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1992 na kuundwa hadi 2000. Tumelichagua gari hili kwa sababu lina mizizi humu nchini. Patrick Njiru aliendesha Subaru katika Safari Rally ya miaka ya 1990, Colin McRae akashinda mashindano hayo mwaka 1997 akiwa katika Impreza, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Vijana waliosimama vumbini wakiyatazama magari hayo yakipita ndio watu wazima wanaoyatunza leo katika gereji za Nairobi, Nakuru na Eldoret. Mengi ya yatakayosemwa hapa yanahusu pia Subaru Legacy ya turbo, Mitsubishi Lancer Evolution, Nissan Skyline na Toyota Supra za enzi hiyo.

Pampu ya gari la aina hii ni mota ndogo ya umeme inayozunguka ikiwa imezamishwa katika petroli. Petroli hupita katikati ya mota yenyewe na kuipoza. Hakuna cheche inayoweza kuwasha moto humo kwa sababu hakuna hewa ya kutosha kuchanganyika na mafuta. Kutoka kwenye pampu, petroli husukumwa katika mipira na mabomba hadi kwenye filta, kisha kwenye reli ya injekta juu ya injini. Mwishoni mwa reli kuna kidhibiti cha shinikizo. Kidhibiti hiki huruhusu petroli ya ziada irudi tangini kupitia bomba la pili.

Hapa pana jambo ambalo lazima lieleweke kabla ya kununua chochote. Shinikizo la petroli katika reli si moja wakati wote. Katika magari mengi ya aina hii, kiwango cha msingi ni takriban bari 3, yaani pauni 43 hivi kwa kila inchi ya mraba. Turbo inapoanza kusukuma hewa, kidhibiti huongeza shinikizo la petroli kwa kiasi kile kile. Turbo ikitoa bari 1, petroli hupanda hadi bari 4. Isipokuwa hivyo, hewa iliyobanwa ndani ya injini ingeipinga petroli inayotoka kwenye injekta na mafuta yangepungua wakati yanapohitajika zaidi.

Sasa pampu yoyote ya umeme hutoa petroli nyingi shinikizo linapokuwa dogo, na hutoa kidogo shinikizo linapopanda. Maana yake ni kwamba pampu huwa dhaifu zaidi katika sekunde zile zile ambazo dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho. Gari linaweza kutembea vyema mjini mwaka mzima, likaenda sokoni na kanisani bila tatizo, kisha likaharibika katika mwendo wa nusu dakika likipanda mlima kwa kasi.

Petroli inapopungua, mchanganyiko huwa mkavu. Injini ya petroli huchoma sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya mafuta inapotembea taratibu. Injini ya turbo inapobeba mzigo mzito huhitaji mafuta zaidi ya hapo, kati ya 11 na 12 za hewa kwa 1 ya mafuta, kwa sababu petroli ya ziada hupoza vyumba vya mwako. Mchanganyiko mkavu huwaka kwa joto kali mno. Sehemu ya gesi hulipuka yenyewe kabla mwali wa plagi haujaifikia, na mlipuko huo huigonga pistoni kama nyundo. Mafundi wetu huita hali hiyo kugonga kwa injini. Pistoni za EJ20, injini ya Impreza hiyo, hazivumilii kugongwa kwa muda mrefu.

Kenya ina sababu mbili zaidi za kuongeza hofu. Magari haya yaliundwa kutumia petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo huuzwa huko kwa kipimo cha oktani 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki kiwango hicho, na oktani ikiwa chini injini hugonga mapema. Sababu ya pili ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hushusha oktani hata zaidi, na tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mnamo 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwaondolea walaghai faida. Mwenye gari la turbo anayejaza mafuta katika kituo asichokijua anacheza kamari na injini yake, hata kama pampu ni mpya.

JE, UNAHITAJI PAMPU KUBWA KIASI GANI?

Hesabu si ngumu. Injini ya turbo inayosukumwa hadi mwisho hutumia takriban gramu 270 za petroli kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. WRX ya 1992 ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 240. Zidisha 240 kwa gramu 270, utapata kilo 65 kwa saa, ambazo ni lita 88. Mwenye kutaka nguvu 350 atahitaji lita 128 kwa saa. Ongeza robo nzima kama akiba, kwa kuwa siku za joto na pampu inayochakaa hazipangiwi, na hesabu inafika lita 160.

Lita hizo 160 ni lazima zipatikane katika shinikizo la kazi, yaani bari 4 au zaidi, wala si katika mtungi uliowekwa wazi sakafuni. Muuzaji akikwambia pampu yake inatoa lita kadhaa kwa saa, swali la kumrudishia ni moja: katika shinikizo gani na kwa volti ngapi? Asiyeweza kujibu hana anachokijua kuhusu bidhaa anayouza.

Pampu ambayo imezoeleka sana katika magari haya ni ya Walbro inayojulikana kama 255, kwa maana ya lita 255 kwa saa. Kiasi hicho hupimwa katika volti 13.5 na shinikizo la karibu bari 3. Katika bari 4 na ushei hupungua, lakini bado humtosha mtu wa nguvu 350 na akiba ikabaki. Umaarufu wake umeleta balaa. Pampu hii imeigizwa mno, na bandia zake hufanana na halisi kwa umbo na hata kwa boksi. Ukiuziwa pampu ya Walbro kwa bei ya samaki wa jioni kwenye maduka ya spea ya barabara ya Kirinyaga au kwingineko, jiulize kwa nini. Pampu bandia mara nyingi hufanya kazi vizuri kwa muda, na hilo ndilo linaloifanya kuwa hatari: hufa ghafla turbo ikiwa imefungua.

Mtu mwingine atauliza, kama pampu ya kiwandani ilitosha nguvu 240, na gari halijaongezwa chochote, ibadilishwe ya nini? Jibu ni umri. Impreza ya 1996 imeshapita miaka 25 kwa mbali. Brashi za mota zimelika, kichujio kidogo cha mdomoni kimejaa matope ya tangi, na huenda wamiliki watano waliotangulia waliliendesha likiwa na mafuta ya shilingi mia tano tu tangini. Tabia hii ya kutembea na taa ya mafuta ikiwaka huua pampu nyingi kuliko wenye magari wanavyodhani, kwa sababu pampu isiyozama haipozwi. Kwa gari la namna hiyo, pampu mpya ya kiwango cha kiwandani inatosha kabisa. Kubwa zaidi haitaongeza nguvu hata ya punda mmoja. Pampu haitengenezi nguvu. Huruhusu tu nguvu zilizotengenezwa kwingine zisiivunje injini.

Dalili za pampu iliyochoka zinafahamika. Gari huchukua muda kuwaka asubuhi kwa sababu vali ndogo ya pampu haishikilii tena shinikizo usiku. Mlio mwembamba kama wa mbu husikika kutoka nyuma. Gari hukohoa na kusitasita likikanyagwa katika gia ya tatu au ya nne. Dalili hizi zinaweza kuletwa na mengine pia, hasa filta iliyoziba, ambayo ni rahisi na inafaa kubadilishwa kwanza. Uthibitisho hupatikana kwa geji ya shinikizo. Ifungwe kwenye mpira wa petroli kabla ya reli, gari lipelekwe mahali salama likiwa na mtu wa pili wa kusoma geji, likanyagwe. Turbo ikipanda bari 1 na petroli ikapanda bari 1, pampu ni nzima. Turbo ikiendelea kupanda na sindano ya petroli ikasimama au kuteremka, ondoa mguu mara moja.

UMEME

Kabla ya kutoa pesa, pima umeme. Hii ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi huiruka na ndiyo iliyo na faida kubwa kwa gharama ndogo. Oltaneta ya gari zima hutoa volti 13.5 hadi 14 na kitu. Lakini umeme huo hufika kwenye pampu baada ya kupita fiuzi, rilei na mita kadhaa za waya mwembamba wa zamani wenye maungio yaliyoshika kutu. Si ajabu kupata volti 12 pekee kule nyuma, au chini ya hapo. Pampu inayotoka volti 13.5 hadi 12 hupoteza karibu moja kwa tano ya petroli yake. Wapo watu walionunua pampu kubwa kwa ajili ya kasoro ambayo ingetibiwa na waya.

Pampu kubwa nayo hunywa umeme zaidi, kiasi cha ampea 7 hadi 10 na hata kupita shinikizo likiwa juu. Waya wa zamani hupata joto. Kwa hiyo ni vyema kuvuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri, wenye fiuzi yake karibu na betri, kupitia rilei mpya iliyowekwa nyuma ya gari. Waya wa ardhi nao uwe mnene na ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Sikiliza hapa kwa makini. Rilei hiyo mpya lazima iamriwe na waya ule ule wa zamani uliokuwa ukiiwasha pampu. Waya huo hutawaliwa na kompyuta ya gari, na kompyuta huikata pampu pale injini inaposimama. Fundi mvivu huiunganisha pampu moja kwa moja na swichi ya ufunguo. Gari litawaka na kutembea bila kasoro. Lakini siku litakapopinduka, mpira wa petroli ukapasuka na injini ikazima, pampu itaendelea kumwaga zaidi ya lita 4 za petroli kila dakika juu ya ekzosi ya moto, na abiria wakiwa bado wamefungwa mikanda. Mwandishi huyu ameona magari mawili yaliyounganishwa hivyo, na wenyewe hawakuwa na habari.

Baadhi ya magari, yakiwemo Supra na Skyline, yana kifaa kinachopunguza volti za pampu gari likitembea polepole. Pampu kubwa inaweza kukizidi nguvu na kukiunguza, hivyo rilei mpya huwa ni lazima.

KAZI YENYEWE

Fanya kazi tangi likiwa na mafuta chini ya robo, nje au katika gereji iliyo wazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya chini, hasa katika shimo la gereji. Hapo pasiwe na anayechomelea, anayevuta sigara, wala taa ya balbu inayoning'inia. Kizimamoto cha unga kiwe mkononi, si ofisini kwa mwenye gereji.

Toa fiuzi au rilei ya pampu, washa injini iache izime yenyewe, kisha jaribu kuiwasha mara mbili tatu ili shinikizo liishe mabombani. Ndipo utenganishe betri. Fanya hivyo kabla ya kufungua tangi, kwa maana waya wa betri ukiachana na kichwa chake unaweza kutoa cheche.

Kifuniko cha pampu hupatikana chini ya kiti cha nyuma au chini ya zulia la buti, kutegemea umbo na mwaka wa gari. Kabla ya kukifungua, futa na puliza vumbi lote linalokizunguka. Vumbi la barabara zetu likidondoka tangini litakuwa kwenye kichujio cha pampu mpya siku hiyo hiyo. Tia alama kwenye mipira: wa kwenda, wa kurudi na wa mvuke. Mipira iliyokaa miaka 25 imegandamana na mabomba. Izungushe kwanza, usiivute kwa nguvu, maana bomba likipinda utanunua kifuniko kizima.

Tangi la Impreza lina umbo la tandiko la punda kwa sababu shafti ya magurudumu ya nyuma hupita chini katikati yake. Kuna mabonde mawili, na pampu imo katika moja tu. Petroli ya bonde la pili huvutwa na kifaa kidogo kinachoendeshwa na mkondo wa petroli inayorudi kutoka kwenye injini. Wapo mafundi ambao hukitoa au kuubana mpira wake wakidhani hauna kazi. Gari hilo litaishiwa mafuta geji ikionyesha kuwa bado yapo.

Pampu mpya ikae kimo kile kile cha ile ya zamani, kichujio chake kikigusa karibu sakafu ya tangi, na raba ya kuzuia mtikisiko iwekwe chini yake. Kichujio kiwe kipya kila mara. Kipande kifupi cha mpira kinachounganisha pampu na kifuniko kinastahili sentensi yake. Mpira wa kawaida wa petroli umetengenezwa kustahimili mafuta kwa ndani tu. Ukizamishwa tangini, ngozi yake ya nje huvimba, hulainika na hatimaye hupasuka, na shinikizo lote humwagika humo humo ndani. Dukani taka mpira uliotengenezwa kuzamishwa, na usikubali kuambiwa kuwa yote ni sawa. Bei yake kwa kipande hicho huwashangaza watu. Ilipe.

Hakikisha waya chanya na hasi haujabadilishana mahali. Pampu iliyogeuzwa nyaya huzunguka kinyumenyume, husikika vizuri, na haitoi kitu. Raba ya kifuniko iwe mpya, na nati zikazwe kwa zamu, moja upande huu na nyingine upande ule. Jaza angalau nusu tangi. Fungua ufunguo mara kadhaa bila kuwasha injini ili mabomba yajae, huku mtu akichungulia kila ungio kwa tochi. Tone moja ni sababu ya kurudia kazi.

Injini ikishawaka, rudi kwenye geji. Katika baadhi ya magari pampu kubwa husukuma petroli nyingi kuliko bomba la kurudi linavyoweza kupitisha, na shinikizo hubaki juu hata gari likiwa limetulia. Dalili yake ni harufu ya petroli kwenye ekzosi, plagi nyeusi na mafuta kuisha haraka. Dawa ni kidhibiti chenye njia pana zaidi, au kukubali kwamba ulinunua pampu kubwa kuliko haja.

Iwapo lengo lilikuwa kuongeza nguvu, kazi haijaisha. Injekta za zamani zina kikomo chake, na kompyuta haijui kuwa kuna petroli zaidi ya kutumia. Ni lazima mtaalamu aipange upya akiwa na kipimo cha mchanganyiko cha ekzosi mbele ya macho yake, si kwa sikio. Mwarifu pia mwenye bima kuhusu mabadiliko hayo kwa maandishi. Kampuni ikigundua baada ya ajali kwamba ilifichwa jambo, inaweza kukataa kulipa.

Baada ya kilomita 500 hivi, fungua tena zulia la nyuma na unuse. Gusa waya na rilei baada ya safari ndefu. Vuguvugu ni kawaida, joto la kuunguza kidole si kawaida. Badilisha filta ya mbele kwa mara nyingine, kwa kuwa mkondo mpya wenye nguvu huzoa takataka zilizokuwa zimelala mabombani kwa miaka mingi. Na taa ya mafuta isisubiriwe kuwaka tena: katika gari hili, robo tangi ndiyo sifuri.